SOMO: Kufuli ya Sanduku la Kikundi, na Vifaa vya Kuifungua Ufunguo Ukipotea

Katika somo hili tunazungumza juu ya kitu kidogo ambacho kila kikundi kinacho lakini wachache wamewahi kukitazama kwa makini. Kitu hicho ni kufuli.

Vikundi vingi vya kujisaidia, kuanzia Maua na Nkubu hadi Runyenjes na Siakago, huweka pesa za hisa na za mikopo ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wanachama watatu hushika funguo, kila mmoja wake, na mwanachama wa nne hulala na sanduku. Mpango huu ulienea sana kutokana na vikundi vya akina mama wa Maradi, nchi ya Niger, ambavyo shirika la CARE lilianza kuvisaidia mwaka wa 1991. Ni mpango mzuri. Lakini unategemea kufuli, na kufuli isipoeleweka inaweza kuleta ugomvi mkubwa kuliko mwizi.

Tuseme siku ya mkutano imefika. Wanachama ishirini na watano wameketi chini ya mti, mmoja wao anangoja mkopo wa karo na mwingine mtoto wake ni mgonjwa. Mshika ufunguo wa pili anapekua kitambaa chake, anapekua kikapu, ufunguo hakuna. Sasa mtafanya nini? Wengine watasema vunja. Wengine watanong'ona kwamba ufunguo haukupotea, umefichwa. Wiki ikiisha hivyo, maneno yamefika sokoni na kikundi kimeanza kupasuka. Kwa hivyo tujifunze mapema.

KUFULI INAFANYAJE KAZI?

Kufuli za aina tunazonunua madukani zimetokana na wazo la zamani sana. Wamisri wa kale walikuwa na kufuli za mbao. Vijiti vidogo vilianguka ndani ya matundu ya komeo na kulizuia, na ufunguo wa mbao uliviinua ili komeo lisogee. Katika miaka ya 1860 Mmarekani aitwaye Linus Yale aliitengeneza kufuli ya namna hiyo kwa chuma, ikiwa ndogo, na ufunguo bapa wenye meno kama ule ulio mfukoni mwako.

Ndani ya kufuli kuna kiini cha mviringo. Hicho ndicho kinachozunguka ukigeuza ufunguo. Juu ya kiini kuna safu ya matundu madogo, matatu, manne au matano. Katika kila tundu kuna pini mbili, moja juu ya nyingine, na springi ndogo inayozisukuma chini. Ufunguo ukiwa nje, pini ya juu inakaa nusu ndani ya kiini na nusu nje yake. Ni kama mtu aliyesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje: huwezi kufunga mlango mpaka aingie au atoke.

Ukiingiza ufunguo, kila jino huinua pini zake kwa kipimo chake. Ufunguo ukiwa ni wenyewe, mahali pini mbili zinapokutana panakuwa sawasawa na ukingo wa kiini, katika matundu yote kwa wakati mmoja. Hapo mlangoni hakuna aliyesimama. Kiini kinazunguka, na ule upinde wa juu unaachiliwa.

Sasa fanyeni hesabu. Kufuli yenye pini 3, na kila pini ikiwa na vipimo 4 tofauti, ina funguo 64 tu zinazoweza kutofautiana (4 mara 4 mara 4). Yenye pini 5 na vipimo 6 ina 7,776. Ndiyo sababu kufuli mbili za bei ya chini, kutoka katoni moja, mara nyingine zinafunguliwa na ufunguo mmoja. Tutarudi kwa jambo hili.

KWA NINI WAYA INAWEZA KUFUNGUA?

Hakuna kiwanda kinachoweza kutoboa matundu yakawa kwenye mstari mmoja kamili. Moja liko kushoto kidogo, moja kulia, tofauti ndogo kuliko unywele. Ukijaribu kugeuza kiini bila ufunguo, pini zote hazibanwi pamoja. Moja hubanwa kwanza. Ukiiinua hiyo moja polepole mpaka mpaka wake ufike ukingoni, kiini husogea kidogo sana, pini ya juu hubaki juu, na sasa pini nyingine ndiyo inayobanwa. Unaiendea hiyo, kisha inayofuata, mpaka zinaisha.

Kwa hivyo si uchawi. Ni kasoro ya chuma na uvumilivu wa mkono.

Hata kufuli za kujivunia zimeshindwa hivyo. Huko London, kampuni ya Bramah ilikuwa imeweka kufuli yake dirishani kwa miaka mingi, na zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayeifungua bila ufunguo. Mwaka wa 1851 fundi Mmarekani, Alfred Charles Hobbs, aliifungua. Ilimchukua zaidi ya saa 50, zilizogawanywa kwa siku kadhaa. Watu wengine walikasirika kwamba siri imetolewa. Hobbs aliona kwamba wezi walikuwa wanazijua siri hizi tayari, na kwamba anayebaki gizani ni mwenye mali. Sisi pia tunaandika somo hili kwa sababu hiyo. Mwenye sanduku ajue udhaifu wa kufuli yake.

VIFAA VYA KUJITENGENEZEA

Kikundi kinaweza kutengeneza vifaa vitatu kwa vitu vilivyotupwa. Mnahitaji:

- waya bapa au nyembamba kutoka mwavuli uliovunjika;
- kipande cha msumeno wa kukatia chuma, hata uliokatika;
- tupa ndogo na msasa;
- koleo;
- kopo la maji, na kitambaa kizito.

Waya ya kufungia ua au ya kusukia chuma cha ujenzi haifai. Ni laini, ikiinama haisimami tena. Chuma cha mwavuli na cha msumeno kina springi ndani yake, kinapinda kisha kinarudi.

Kifaa cha kwanza: kigeuzi. Chukua waya bapa ya mwavuli, urefu wa kidole cha kati na nusu yake. Pinda ncha moja, sentimita moja tu, iwe kama herufi L. Kama waya ni ya mviringo, igonge kwa nyundo juu ya jiwe gumu hadi iwe bapa. Ncha hii fupi huingia chini kabisa mwa tundu la ufunguo, na kazi yake ni kusukuma kiini kizunguke.

Kifaa cha pili: kiinulio. Kata kipande cha msumeno cha sentimita 10 hivi. Ukitaka kukivunja, kifunge ndani ya kitambaa kwanza, maana huruka vipande na kuingia machoni. Kwa tupa, punguza upana wa sentimita 3 za mwisho mpaka uwe kama milimita 2, na uache ncha iinuke kidogo kama kidole kilichokunjwa. Lainisha kwa msasa. Kama mnatumia jiwe la kunolea la umeme kwa fundi wa jua kali, chovya katika maji kila baada ya muda mfupi. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake, na kitapinda kama ukuti.

Kifaa cha tatu: kichokoo cha ufunguo uliovunjika. Hiki ndicho mtakachotumia mara nyingi zaidi. Chukua kipande kingine cha msumeno, ukipunguze upande wa mgongo, si upande wa meno, hadi kiwe chembamba cha kuingia pembeni mwa ufunguo. Bakisha meno mawili au matatu kwenye ncha, na hakikisha yanaelekea nyuma, upande wa mkono wako, kama ndoano.

NAMNA YA KUVITUMIA

Ufunguo ukivunjika ndani: Usisukume chochote ndani. Kwanza tazama kama kiini kimesimama mahali pale ufunguo huingilia. Kama kimegeuka nusu, kirudishe polepole kwa ncha ya kisu, kwa sababu kikiwa kimegeuka, ufunguo hauwezi kutoka hata ukivutwa na ng'ombe. Elekeza tundu chini, paka unga wa risasi ya penseli, ingiza kichokoo upande wa meno ya ufunguo, zungusha kidogo meno yashike, kisha vuta. Rudia mara kadhaa.

Ufunguo ukipotea: Ingiza kigeuzi chini ya tundu na ukisukume kwa kidole kimoja, upande ule ufunguo hugeukia. Nguvu iwe ndogo sana, kama unayotumia kugusa jani la muguka bila kulirarua. Kwa mkono wa pili ingiza kiinulio mpaka mwisho, kisha gusa pini moja moja kutoka nyuma kuja mbele. Nyingi zitakuwa zikicheza kwa springi. Moja itakuwa ngumu. Inua hiyo mpaka usikie au uhisi tiki ndogo, kisha tafuta ngumu inayofuata. Kama zote zimekuwa ngumu kwa pamoja, unasukuma kigeuzi kwa nguvu mno. Legeza, pini zianguke, uanze upya.

Wengi wanashindwa siku ya kwanza. Jizoezeni kwa kufuli nzee ambayo ni yenu na haifungi kitu. Usijaribu kwa kufuli inayotumika, maana pini zinaweza kukwaruzwa na kuharibika. Na kama nusu saa imepita bila mafanikio, msione aibu: kata upinde kwa msumeno wa chuma mbele ya wote. Kufuli ni ya bei ya kuku, hisa zenu si za bei ya kuku.

SHERIA ZA KUFUATA

Hapa hapana mchezo. Kisu hukata mboga na pia hukata mtu. Kwa hivyo vifaa hivi viwe na mipaka.

1. Hufungui kufuli isiyo yako au ya kikundi chako. Jirani akikuomba umfungulie mlango, mwenye nyumba awepo, na mzee wa mtaa au majirani wawili washuhudie.

2. Usitembee na vifaa hivi mfukoni. Kifungu cha 308 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinamfanya mtu kuwa na hatia akipatikana nje ya makao yake na kifaa cha kutumiwa katika wizi au uvunjaji wa nyumba. Kumwambia askari saa tano usiku kwamba ulisoma katika gazeti la kanisa hakutakusaidia.

3. Vifaa vya kikundi vifungwe ndani ya bahasha, isainiwe na watu watatu, na iwekwe mahali tofauti na sanduku. Asiyetunza sanduku wala ufunguo ndiye aiweke. Bahasha ikifunguliwa, iandikwe katika kitabu cha mkutano.

4. Sanduku lisifunguliwe kwa njia hii ila katika mkutano kamili. Kabla ya kufungua, mwandishi asome kwa sauti pesa zilizokuwamo mkutano uliopita. Baada ya kufungua, wahesabu-pesa wahesabu hapo hapo, mbele ya macho ya wote.

Hii sheria ya nne ndiyo kiini cha somo. Ufunguo uliopotea huzaa shaka. Lakini watu wakikumbuka kiasi, na kiasi kikapatikana kilekile, yule mama aliyepoteza ufunguo anarudi nyumbani na jina lake zima. Kufungua kimyakimya usiku, hata kwa nia njema, kunaacha jeraha ambalo hata pesa zikiwa kamili haliponi.

KUNUNUA NA KUTUNZA KUFULI

Mkienda dukani Meru au Embu kununua kufuli tatu, chukueni dakika tano zaidi. Jaribuni kila ufunguo katika kufuli zote tatu. Kumbukeni ile hesabu ya funguo 64. Kama ufunguo mmoja unafungua kufuli mbili, mshika ufunguo mmoja ana funguo mbili bila kujua, na siku akijua, kinga yenu imebaki nusu. Afadhali mnunue kila kufuli katika duka tofauti, au za aina tofauti.

Pia hesabuni meno. Ufunguo wenye mabonde manne au matano ni afadhali kuliko wenye mawili. Ufunguo wa ziada unaokuja na kufuli usibaki kwa mshika ufunguo uleule. Tieni funguo za ziada katika bahasha iliyosainiwa, mumpe mtu mnayemwamini nje ya kikundi, kwa mfano katibu wa kanisa au mwalimu. Mkifanya hivi, huenda msihitaji kigeuzi na kiinulio hata siku moja.

Kisha tazameni sanduku lenyewe. Mwizi hapotezi wakati na pini kama kipande cha chuma kinachoshika kufuli kimefungwa kwa skrubu zinazoonekana nje. Atazifungua kwa bisibisi kwa dakika mbili na kufuli yenu itabaki imefungwa vizuri kabisa. Mwambieni fundi achomelee, au atumie bolti ambazo nati zake ziko ndani. Bawaba za nyuma pia zitazamwe.

Kuhusu utunzaji, nchi yetu ina hewa mbili. Walio juu, karibu na mashamba ya majani chai, kufuli zao hushika kutu kwa sababu ya ukungu na mvua. Hao wanaweza kutia tone moja la mafuta ya cherehani kila baada ya miezi mitatu, na kufuli ya mlango wa nje waifunike kwa kipande cha mpira wa tyubu. Walio chini, huko Mbeere na Tharaka, adui yao ni vumbi. Wasitie mafuta, kwa sababu mafuta hushika vumbi na kufanya tope ndani. Wao wakwangue risasi ya penseli laini, wapake unga wake kwenye ufunguo, waingize na kutoa mara kumi. Mafuta ya kupikia yasitumike popote. Huganda na kunata.

KUFULI HAILINDI PEKE YAKE

Mmeona sasa kwamba kufuli ya kawaida inafunguliwa kwa waya ya mwavuli na subira. Je, tuitupe? La. Kufuli humzuia mpita njia, na humsaidia mtu mwaminifu asijaribiwe. Lakini ulinzi wa kweli uko katika mambo matatu.

Kwanza, pesa zisilale nyingi. Sanduku bora mwisho wa mkutano ni lile lililo karibu tupu, kwa sababu pesa ziko kwa wanachama kama mikopo, zikizaa. Wakati wa bonasi ya majani chai, malipo ya kahawa au kugawana mwisho wa mwaka, pesa zikiwa nyingi, zipelekeni benki au katika akaunti ya kikundi ya simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na vijijini kwetu mawakala si wachache.

Pili, kumbukumbu ziwe vichwani mwa wengi. Kila mwanachama akijua salio, mwizi wa ndani hana pa kujificha.

Tatu, sanduku lisiwe na njia moja kila wiki. Mtunza sanduku asindikizwe, na jina lake lisitangazwe barabarani.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema kila siku. Lakini kibaba kinahitaji kifuniko, na kifuniko ni watu wanaoaminiana kwa sababu wanahesabu pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani wanashika funguo zetu? Je, kuna wawili wa nyumba moja? Kama wapo, tufanye nini?
2. Leteni kufuli tatu na funguo zake hapa mbele. Jaribuni kila ufunguo kwa kila kufuli. Mmepata nini?
3. Mara ya mwisho tulipofunga sanduku, lilikuwa na shilingi ngapi? Kila mtu ajibu kabla ya mwandishi kufungua kitabu.
4. Mshika ufunguo akiwa hospitalini siku ya mkutano, katiba yetu inasema nini? Kama haisemi kitu, andikeni leo.
5. Kati yetu kuna kijana mwenye mkono mzuri wa tupa? Anaweza kufundishwa kazi hii na fundi anayejulikana sokoni, iwe riziki yake ya wazi, kwa mchana na kwa jina lake?

Anayeongoza somo asiharakishe swali la tatu. Kimya kitakachofuata kitawaambia kama kikundi chenu kinalindwa na wanachama wenyewe, au na kipande cha chuma peke yake.